Saratani ya umio: kinywa kimejaa utando mweupe na lishe ni ya mpira wa tumboni. Tuanzie wapi?

nesi_zamu_usiku

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada, hasa kwa manesi wa wodi za upasuaji, tiba shufaa na wataalamu wa lishe mliomo humu.

Tuna mama wa miaka 61, kilo 42, saratani ya umio sehemu ya kati. Kwa wiki 3 kabla ya kulazwa alikuwa anapitisha chai ya sukari na maji tu. Sasa hata mate hayashuki, anayatema kwenye kopo. Amefanyiwa gastrostomi ya upasuaji (tundu la kuingizia mpira wa lishe tumboni), leo siku ya 3, na mpira uliowekwa ni katheta ya Foley namba 20, ile yenye puto mwishoni. Jana ameanzishiwa maji kwa mpira, na leo faili limeandikwa "aanze lishe", bila kutaja kiasi. Dripu anazopata ni dekstrozi 5%, lita 2 kwa siku. Kipimo cha VVU kimetoka hasi. Anasubiri nafasi ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Kinywa chake: ulimi na kaakaa vina utando mweupe, nimejaribu kuupangusa kwa gozi ukatoka na kuacha wekundu. Midomo imepasuka pembeni, na harufu ni kali. Ndugu zake wanasema "kwa kuwa hali kwa mdomo, mswaki wa nini". Nistatini ya maji (dawa ya fangasi) imeandikwa, na zamu iliyopita imekuwa ikipitishwa kwenye mpira wa tumboni kwa sababu hawezi kumeza.

Kitanda cha pili kuna baba amewekewa stenti ya umio jana (bomba la chuma la kutanua njia ya chakula), sehemu ya chini karibu na tumbo. Anaomba ugali na nyama.

Maswali yangu: usafi wa kinywa kwa mgonjwa asiyemeza hata mate unafanywaje ili asipaliwe? Lishe ianze na kiasi gani? Na huyo baba ale nini?

---

Bahari77

Sista, pole na kazi. Nianze na kinywa, maana hapo ndipo wagonjwa wa mpira wa tumboni wanapoachwa.

Waeleze ndugu hivi: mtu anayekula husafishwa kinywa na chakula chenyewe, kwa kutafuna na kwa mate yanayoshuka. Huyu mama hatafuni na hamezi, lakini mate bado yanatengenezwa, kwa mtu mzima ni kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanakaa juu ya kizuizi yakiwa na bakteria na fangasi, akilala chali yanaingia kwenye njia ya hewa. Gastrostomi inaleta chakula tumboni, haizuii mate kuingia mapafuni. Kwa hiyo nimonia ya huyu mama itaanzia mdomoni. Mgonjwa wa namna hii anahitaji mswaki kuliko baba anayedai ugali.

Nistatini kwenye mpira wa tumboni isimamishwe leo. Dawa hiyo haifyonzwi kutoka tumboni kwenda kwenye damu, inafanya kazi pale inapogusa tu. Ukiipitisha tumboni, ulimi haujapata kitu. Tikisa chupa vizuri, vuta ml 5 (ile ya uniti 100,000 kwa ml), weka nusu shavu la kulia na nusu la kushoto, aizungushe na kuishikilia dakika kadhaa, kisha ateme. Mara 4 kwa siku, baada ya kusafisha kinywa, na asisukutue kitu kingine kwa nusu saa. Endelea mpaka saa 48 baada ya utando kuisha, siyo siku utando unapoonekana umepungua.

Ila nistatini haitibu fangasi walio ndani ya umio. Mwenye utando kinywani na maumivu ya kumeza mpaka kifuani apewe flukonazoli, dawa ya fangasi inayoingia kwenye damu, na hiyo inapita vizuri kwenye mpira. Kwa kinywa peke yake ni mg 100 hadi 200 kwa siku kwa siku 7 hadi 14. Kwa umio ni mg 200 hadi 400 kwa siku 14 hadi 21. Huyu tayari umio wake umeziba na ameishiwa nguvu, mimi ningemwomba daktari aandike flukonazoli moja kwa moja na kuangalia dawa nyingine anazotumia, maana flukonazoli inagongana na nyingi.

Sasa usafi wenyewe. Mkalishe wima, au kichwa cha kitanda kiinuliwe angalau digrii 45. Kama ni dhaifu sana kukaa, mlaze ubavu, uso ukiinama kidogo chini, beseni chini ya shavu. Glavu, tochi, spachula. Meno bandia yatoke kwanza, maana chini ya sahani ya meno ndipo fangasi wanapojificha, na yasiposafishwa utando unarudi hata kama dawa imetumika vizuri. Angalia midomo, ulimi juu na pembeni, chini ya ulimi, mashavu, kaakaa, fizi. Sikiliza pia sauti. Sauti iliyokwaruza ghafla kwa mgonjwa wa saratani ya umio inaweza kumaanisha uvimbe umefika kwenye mshipa wa fahamu unaoongoza nyuzi za sauti, na hapo hatari ya kupaliwa inapanda sana. Iandike kwenye faili na mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Mswaki laini wa mtoto, uchovye kwenye maji, ukamue, dawa ya meno kiasi cha punje ya harage au usiweke kabisa kama inamchoma. Piga meno na fizi kwa dakika moja na nusu hivi, kisha ulimi kutoka nyuma kuja mbele. Usiuchokoe nyuma kabisa, atatapika. Mara 2 kwa siku mswaki. Katikati, kila saa 2 hadi 4 akiwa macho, asukutue na kutema. Maji ya kusukutua: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha bikaboneti ya kuokea. Siyo hamira, wala siyo magadi ya mawe ya kulainishia maharage, hayo yanachoma. Tengeneza mapya kila siku.

Kama hawezi kusukutua na kutema, usimmiminie maji mdomoni. Tumia gozi iliyozungushwa kwenye spachula, iliyochovywa na kukamuliwa mpaka haidondoshi, na mashine ya kufyonza iwe imeshawashwa kabla hujaanza. Kidole kisiingie katikati ya meno.

Vitu vya kuacha: dawa za kusukutua zenye pombe, pamba za limau na gliserini (zinakausha zaidi na limau linamomonyoa meno), na kubandua utando kwa nguvu mpaka damu. Midomo paka vaselini nyepesi. Nyufa za pembeni mara nyingi ni fangasi hao hao, paka krimu ya fangasi badala ya vaselini sehemu hizo.

---

TabibuKusini

Naunga mkono. Nyongeza mbili.

Kama wodi inatumia klorheksidini (dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu), isikutane na nistatini, zinaharibiana. Ziachane angalau saa 1. Na kwa mgonjwa anayesubiri mionzi wengi hudhani klorheksidini itamkinga na vidonda. Haifanyi hivyo, na kinywa kikishaanza kuchubuka inamuunguza bure. Chumvi na bikaboneti vinatosha.

Pili, mwelezeni mama mapema: uvimbe ukiwa sehemu ya kati ya umio, mionzi inalenga kifua, kinywa hakimo kwenye eneo. Kitakachouma ni umio wenyewe, kuanzia wiki ya 2 au ya 3, na atahisi moto nyuma ya mfupa wa kifua hata akimeza mate. Vidonda vya mdomoni vikitokea itakuwa ni dawa za kemotherapi kama zimeongezwa, na hivyo hutokea siku 5 hadi 10 baada ya dozi. Mgonjwa asiyeambiwa haya anakimbia matibabu katikati akiamini saratani imepanda.

Mkiwa hamna nistatini wala flukonazoli, GV (jenshani vayoleti, ile dawa ya zambarau) ya 0.5% inaua kandida, yaani fangasi hao, lakini inapaka kinywa chote zambarau na baada ya hapo huoni tena kidonda, wekundu wala damu. Iwe ya mwisho kabisa.

Utando usiopanguka ni jambo jingine. Ukiwa pembeni mwa ulimi au shavuni na gozi haliutoi, usiendelee kuutibu kama fangasi, apelekwe kwa daktari wa kinywa. Na kwa faida ya wengine wanaosoma: kwa mwenye VVU, fangasi wa kinywa bila sababu nyingine inayoeleweka ni hatua ya 3 ya ugonjwa, wa umio ni hatua ya 4. Kipimo ni lazima. Hapa mmeshapima, vizuri.

---

Mlishe_Moro

Nimesoma "wiki 3 chai ya sukari na maji" na "dekstrozi lita 2" nikashtuka. Tafadhali sista, kabla ya mlo wa kwanza soma hapa.

Mwili uliokaa na njaa zaidi ya siku 10 umeshajizoesha kuishi kwa mafuta na misuli yake. Ukiuletea sukari nyingi ghafla, insulini inapanda, na potasiamu, fosfeti na magnesiamu zilizobaki kwenye damu zinavutwa kuingia ndani ya seli. Damu inabaki tupu. Moyo unapoteza mpigo wake, misuli ya kupumua inalegea, miguu inavimba, mgonjwa anachanganyikiwa. Mara nyingi ni kati ya siku ya 2 na ya 5 baada ya kuanza kulishwa, wakati ndugu wanafurahi kwamba "mama ameanza kula". Vitamini B1 nayo inaisha kwa kasi hiyo hiyo.

Kwa hiyo: apate tiamini (ndiyo hiyo vitamini B1) kwanza, angalau nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, mg 200 hadi 300 kwa siku, iendelee siku 10. Kama maabara inaweza, pimeni potasiamu, fosfeti na magnesiamu kabla na kila siku kwa siku za mwanzo. Isipoweza fosfeti, basi potasiamu, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na uvimbe wa miguu kila zamu.

Kiwango cha kuanzia kisizidi kalori 10 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 42 ni kalori 420. Sasa piga hesabu ya dripu: lita 1 ya dekstrozi 5% ina gramu 50 za sukari, kama kalori 170 hadi 200. Lita 2 tayari zimekula karibu mgao wote wa siku, tena zote ni sukari tupu, bila fosfeti hata chembe. Mwombe daktari abadilishe iwe dripu ya Ringa au ya maji ya chumvi, zisizo na sukari, wakati lishe inapoanza.

Maziwa ni mwanzo mzuri kuliko uji mwepesi wa sukari, kwa sababu yana fosfeti na potasiamu. Mchanganyiko wa lita 1: maziwa freshi ml 700, unga laini gramu 50, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 60 (vijiko 8 vya chakula), mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, kisha maji yaliyochemshwa mpaka ujazo ufike lita 1. Inatoa takriban kalori 1,200 na protini kama gramu 40.

Pika unga na maji na maziwa mpaka uive kabisa. Ukiwa mzito hautapita kwenye mpira, na watu wengi hapo huongeza maji, wakimaliza wamempa mgonjwa maji yenye rangi ya uji. Tumia kimea cha ulezi. Uji ukipoa mpaka kiasi cha kunyweka, tia kijiko 1 cha chakula cha unga wa kimea, koroga, utauona unalegea mbele ya macho yako ndani ya dakika chache. Ukitia uji ukiwa unachemka, kile kimeng'enya kinakufa na hakuna kitakachotokea. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kimeingia kibichi. Mwisho tia maziwa ya unga na mafuta, koroga, chuja kwa chujio la chai.

Mpangilio kwa huyu mama: siku ya 1 na ya 2, ml 60 mara 6. Siku ya 3 na ya 4, ml 100 mara 6. Siku ya 5 na ya 6, ml 150 mara 6. Kuanzia siku ya 7, ml 175 hadi 200 mara 6, hapo atakuwa amefika kalori 30 na kidogo kwa kilo. Miguu ikianza kuvimba au mapigo yakipanda, usipandishe, rudi hatua moja nyuma na mwite daktari. Maji ya kutosha yaendelee kwa dripu mpaka ujazo wa mlo uwe mkubwa, na kopo la mate lipimwe kila zamu na kuandikwa kama kinachotoka, maana linapoteza maji na potasiamu.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 kwa joto letu. Kwenye friji saa 24. Akiharisha, watu husingizia maziwa kwanza. Angalia kwanza kama chakula kilikaa, kama mlo ulisukumwa kwa haraka, na kama anapewa dawa za sirapu zenye sobitoli, aina ya sukari inayoharisha.

---

nesi_zamu_usiku

Asanteni sana. Tiamini ipo, daktari wa zamu amekubali kubadilisha dripu, na nistatini nimeirudisha mdomoni. Kuhusu mpira wenyewe: hii Foley haina kile kisahani cha nje cha kuuzuia. Umefungwa nyuzi na plasta. Asubuhi mama alitapika kidogo baada ya maji, na nikiangalia naona kama mpira umeingia ndani zaidi ya jana. Pia karatasi za pH, za kupima tindikali ya majimaji ya tumbo, hatuna wodini.

---

Bahari77

Usimlishe kwanza. Puto la Foley likikosa kizuizi cha nje linasukumwa na misuli ya tumbo kuelekea kwenye mlango wa utumbo mdogo, linauziba kama kizibo. Dalili ni hizo ulizotaja: kutapika, tumbo kujaa juu, na mlo kukataa kushuka. Mwite aliyefanya upasuaji aje auvute taratibu mpaka ahisi puto limegusa ukuta wa tumbo kwa ndani, kisha afunge upya. Siku ya 3 usiuvute wewe, njia haijashikana na kuna nyuzi.

Ukishawekwa sawa, chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale mpira unapotokea kwenye ngozi, na pima kwa rula kutoka hapo mpaka mwisho wa mpira. Namba hiyo iandikwe kwenye faili na isomwe kila zamu kabla ya mlo wa kwanza. Mpira uliorefuka nje au kufupika nje, hakuna mlo.

Foley ina midomo miwili. Ziba ule wa puto kwa plasta na uandike HAPANA. Mtu akisukuma uji au dawa kwenye mdomo wa puto, puto litapasuka au litajaa uji na halitatoka tena kwa njia ya kawaida. Ndani ya puto huwekwa maji safi ya sindano, siyo maji ya chumvi, chumvi huganda kwenye kile kijinjia chembamba.

Kulisha: kichwa digrii 30 hadi 45, na kibaki hivyo angalau dakika 30 baada ya mlo, bora saa nzima. Maji ml 30 kwanza. Yakishuka bila maumivu, chomoa kisukumio cha bomba la sindano la ml 50 au 60, mimina mlo, inua bomba kiasi cha shibiri moja na nusu juu ya tumbo, uache ushuke wenyewe kwa dakika 15 hadi 20. Ukitaka upungue kasi, shusha mkono. Usisukume. Ukikaribia kuisha ongeza kabla hewa haijaingia. Maliza na ml 30 za maji, bana.

Jeraha: kwa sasa gozi kavu safi, baadaye maji na sabuni kila siku na kukausha vizuri. Majimaji ya tumbo yakivuja pembeni, ngozi inaungua haraka, paka zinki oksaidi kuzunguka tundu. Wengine hutaka kubadilisha mpira uwe mnene zaidi ili kuziba uvujaji. Tundu linapanuka tu na uvujaji unarudi mara mbili. Tafuta sababu: puto limepungua, mpira unacheza, mlo unakwenda kasi, au mgonjwa amefunga choo.

Ukichomoka ndani ya wiki 4 za mwanzo, hakuna kurudisha mwenyewe. Funika kwa gozi, usimpe chochote, mwite daktari wa upasuaji. Ukirudishwa kwa kubahatisha unaweza kuingia kati ya tumbo na ukuta wa fumbatio, na mlo ukimiminwa huko ni peritonaitisi, maambukizi hatari ya utando wa ndani ya fumbatio. Baada ya njia kukomaa ni kinyume chake: tundu linaanza kusinyaa ndani ya saa chache, hivyo Foley mpya ya namba ile ile iingie haraka, kisha ihakikiwe kabla ya kulisha.

Kuhakiki: pH ya 5.5 au chini ya hapo kwenye majimaji uliyovuta ndiyo inayotegemewa, na kumbuka mgonjwa anayetumia omeprazoli (dawa ya kupunguza tindikali) anaweza kusoma juu zaidi hata kama mpira uko sawa. Usipokuwa na karatasi, omba maabara vipande vichache, na ukiwa na shaka mwombe daktari picha ya eksirei kwa dawa ya kuonyesha. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu siyo uhakiki, mlio unasikika hata mpira ukiwa pembeni.

Mpira ukiziba, maji ya vuguvugu ml 20 hadi 30, vuta na sukuma taratibu kwa bomba lile lile la ml 50, acha dakika 15, rudia. Bomba dogo lina shinikizo kubwa, linapasua mpira. Soda ya kola msiitie, ile tindikali inagandisha protini ya maziwa na kuzidisha kizuizi.

---

Shufaa_Kampala

Salaamu kutoka Uganda. Hakuna aliyegusa maumivu, na mgonjwa mwenye maumivu hafungui kinywa kusafishwa.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, inapita kwenye mpira bila shida. Ile ya mg 5 kwa ml 5, kwa mama wa kilo 42 aliyedhoofika anzeni na mg 2.5 kila saa 4, dozi ya kulala iwe mara mbili ili asiamshwe usiku, kisha daktari apandishe kulingana na maumivu. Mpeni dozi kama nusu saa kabla ya usafi wa kinywa wa asubuhi. Huku kwetu manesi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini tangu 2004. Kwenu fuateni utaratibu wa hospitali, lakini ulizeni leo.

Mofini inafunga choo, kwa hiyo dawa ya choo ianze siku hiyo hiyo. Bisakodili ya kidonge ina ganda la kulinda tumbo, haisagwi, tumieni ile ya kuweka njia ya haja kubwa, au laktulosi kwenye mpira. Mofini ya kutolewa polepole nayo haisagwi kamwe, ukiisaga dozi ya saa 12 inaingia kwa pamoja na mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Kila dawa ipitishwe peke yake, ml 10 hadi 15 za maji katikati, wala isichanganywe na mlo. Punje za ndani ya kapsuli ya omeprazoli msizisage.

Harufu ya kinywa ikibaki hata baada ya fangasi kutibiwa, huenda inatoka kwenye uvimbe wenyewe. Mwambieni daktari, metronidazoli husaidia. Mgonjwa huwa anaijua harufu yake kabla yetu na anaacha kuongea na wajukuu kwa sababu hiyo.

---

TabibuKusini

Nimalizie baba wa stenti.

Stenti ya chuma hujipanua polepole kwa siku 2 au 3 za mwanzo, ndiyo maana kifua kinauma. Maumivu hayo yanatulia kwa dawa. Yasiyokubalika ni maumivu makali yanayochoma mpaka mgongoni pamoja na homa, ngozi ya shingo kuvimba na kuchakarika ukiibonyeza kwa vidole, kutapika damu, au kikohozi kila anapomeza. Hapo umio umetoboka au njia imefunguka kwenda kwenye koromeo la hewa. Hakuna kitu mdomoni, daktari aje sasa hivi.

Kama yuko salama: leo vimiminika tu, kwa vijiko, akiwa amekaa. Kesho uji, supu iliyochujwa, maziwa. Kuanzia siku ya 3 vyakula laini. Mtori uliopondwa sawasawa unamfaa sana. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa, wali bokoboko, yai la kuvuruga, samaki aliyetolewa miba yote, parachichi, papai, mlenda. Ugali unaweza kurudi, lakini laini, tonge ndogo, umelowa mchuzi. Nyama ya kusaga ndiyo nyama yake kuanzia sasa. Mkate mbichi, chapati, nyama choma, mahindi ya kuchoma, muhogo mkavu, chungwa pamoja na nyama zake, embe la nyuzi na sukuma wiki ya majani marefu ni marufuku, vinajikunja ndani ya stenti kama kamba. Meno yake yakaguliwe pia. Asiye na magego hatatafuna hata akielekezwa vipi, basi chakula chake kisagwe.

Ale kidogo mara 6 kwa siku, maji ya vuguvugu katikati ya mlo na mwisho wa mlo, na soda kidogo ya mapovu baada ya kula husaidia kusafisha. Stenti yake inapita mlango wa tumbo, kwa hiyo mlango huo haufungi tena na tindikali inapanda. Omeprazoli iandikwe, kichwa cha kitanda kiinuliwe usiku, na asilale mpaka saa 2 au 3 zipite baada ya chakula cha jioni.

Kikikwama: aache kula, asimame, atembee, anywe maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Kisiposhuka ndani ya saa chache, au mate yameanza kurudi, apelekwe penye endoskopi, kipimo cha kuangalia umio kwa kamera. Asisukumiwe mpira wa puani kupita kwenye stenti. Na huyo mama wa kitanda cha kwanza pia, mpira wa puani usijaribiwe bila kuona, uvimbe unatoboka kirahisi.

---

nesi_zamu_usiku

Daktari wa upasuaji amekuja, puto lilikuwa limeteremka kweli, amelivuta na kulifunga upya. Sentimita 24 nje, nimeandika. Mlo wa kwanza ml 60 utaanza saa 12 jioni baada ya tiamini. Swali la mwisho: akiruhusiwa kwenda kusubiri mionzi nyumbani, aondoke na nini?

---

Bahari77

Mabomba mawili ya ml 50 yenye mdomo unaoingia kwenye mpira, vizibo viwili vya mpira, Foley moja ya namba 20 iliyofungwa, zinki oksaidi, miswaki miwili laini, nistatini ya kumalizia siku zilizobaki na karatasi yenye ile sentimita 24 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo Foley ni ya kumkabidhi mhudumu wa afya tu, ndugu wasijaribu kuiingiza wenyewe.

Usimruhusu mpaka ndugu mmoja, siyo wote, awe ametengeneza mlo, amelisha na amesafisha kinywa mbele yako bila wewe kushika kitu, angalau milo mitatu mfululizo. Na mwambie namba ya simu ya kupiga endapo mpira utachomoka usiku.